Mwaka Tuliokula Mbegu

Kwanza niseme wazi: mimi si mtu wa kutia moyo. Kama unatafuta mtu wa kukuambia kwamba ugonjwa huu ulimfundisha kuipenda dunia, mtafute mwingine, wapo wengi na wanapenda sana kuongea. Mimi haukunifundisha kitu. Ulininyang'anya nywele, meno ya nyuma, kazi yangu ya kufua mashuka hotelini, mazishi ya mama yangu, na magimbi. Naandika kwa sababu kwenye kile chumba cha kusubiri nilikaa msimu mzima nikitamani mtu mmoja tu aniambie ukweli kwa lugha yangu, na hakutokea. Basi wewe uliyekaa pale sasa hivi, kwenye kiti kisichopumzisha mgongo, soma. Nitakuambia ilivyokuwa.

Naitwa Atupele. Kwetu ni Tukuyu, na kwa miaka mingi sasa kwetu ni Flemingdon Park pia, hapa Toronto, ghorofa ya tisa, dirisha moja kubwa linaloangalia bonde. Naishi na mume wangu, Gwamaka, anayeendesha gari la kusambaza mikate madukani. Watoto hatukujaliwa. Nalitaja hilo mapema usije ukasubiri watokee.

Sasa magimbi. Niliyaleta mwenyewe kutoka shambani kwa mama, madogo madogo, nimeyatia ndani ya soksi za Gwamaka katikati ya nguo, na pale uwanja wa ndege nilipita nikijibu maswali ya askari wa forodha. Sikukamatwa. Mwaka uliofuata tukawa na magimbi ya mama bondeni, kwenye bustani ya pamoja iliyo nyuma ya majengo yetu, chini ya zile nyaya kubwa za umeme.

Lakini gimbi la kwetu halijui kwamba liko Kanada. Linataka joto na maji kwa miezi mingi kuliko nchi hii inavyoweza kutoa, kwa hiyo huna budi kulidanganya. Februari, nje theluji imefika magotini, wewe unatoa boksi kabatini, unafungua magazeti uliyoyafungia tangu mavuno, unachagua yaliyo magumu na kutupa yaliyolainika. Makubwa mlishakula, haya ni watoto, ndiyo mbegu. Unayatia kwenye makopo ya mtindi yenye udongo, kila kopo umelitoboa chini kwa msumari wa moto. Unamwagilia maji ya uvuguvugu, unapanga makopo juu ya hita chini ya dirisha, na unasubiri. Muda mrefu hakuna kitu, unaanza kuona umepanda mawe. Halafu asubuhi moja unafungua pazia na kuna ncha nyeupe imechungulia. Sisi nyumbani tunasema yameamka. Juni ikifika, baridi imekwisha kweli kweli, unayashusha kwa lifti ndani ya kikapu cha kufulia, na majirani wanakuuliza hayo ni maua gani.

Kila mwaka, wakati huo, mama alikuwa ananibipu. Mimi nampigia.

"Mama, shikamoo."

"Yameamka?"

"Mama, hata shikamoo yangu hujaipokea!"

"Marahaba. Haya, yameamka?"

Nikisema bado, anakata simu. Nikisema tayari, hapo ndipo ananiuliza habari za mume, kazi, kanisa, na kwa nini sauti yangu imekonda. Mama alikuwa mtu wa jambo moja kwanza, mengine baadaye.

Ugonjwa ulianzia humo humo bustanini. Ilikuwa Oktoba, tunang'oa. Nimeinama, Gwamaka amesimama nyuma yangu na ndoo, akasema, "Tupe, hebu geuka. Shingoni kuna nini?" Nikasema nimeng'atwa na mdudu. Mdudu gani wa Oktoba? Kwa muda mrefu nilikuwa naamka shuka limelowa jasho na ngozi inaniwasha mpaka najikuna damu, nikawa nasingizia sabuni ya hotelini. Sitaki kukuchosha na majina ya vipimo. Kansa ya tezi. Basi.

Dripu ya kwanza ilikuwa wakati majani ya bondeni yamegeuka mekundu. Ya pili, miti imebaki mitupu. Hivyo ndivyo nilivyohesabu, maana tarehe zilinitoka kichwani, hata za malipo ya nyumba ikawa anazikumbuka Gwamaka.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na televisheni ukutani. Sijui ni nani aliamua, lakini siku zote ilikuwa imewekwa kwenye kipindi cha mapishi, sauti imezimwa. Fikiria watu ambao hawawezi kumeza hata mate yao, wanaangalia mtu anamwagia siagi samaki! Kulikuwa na mama mmoja wa Guyana, mwembamba, anafuma kofia za sufu, na yeye kila tukikutana alikuwa ameniwekea kiti karibu na hita. Hatukuulizana majina. Alinipa kofia ya buluu siku nywele zangu zilipoanza kubaki kwenye mto. Dripu ya nne nikaingia, kiti cha karibu na hita kiko wazi, hakuna aliyekiwekea mkoba. Sikuuliza. Hakuna anayeuliza pale. Nilikaa kwenye kiti hicho na kofia yake kichwani, nikaangalia watu wakikaanga vitunguu.

Mwili, nitakuambia, unageuka wa mtu mwingine na hukutambulishwa naye. Kucha zangu zilikuwa nyeusi utadhani nimebanwa na mlango. Damu ya mwezi ilikata, ikawa ndiyo kwaheri, na mimi bado nilikuwa na matumaini yangu ya kijinga niliyokuwa siyasemi. Mdomo ulijaa vidonda, na kila kitu kilikuwa na ladha ya funguo. Harufu ndiyo iliyonimaliza. Gwamaka anarudi nyumbani ananukia mikate, harufu niliyoipenda tangu ndoa yetu ikiwa changa, na mimi nakimbilia choo. Ikabidi mume wangu awe anavua nguo mlangoni kama mwizi, anazitia kwenye mfuko, anaoga, ndipo anakuja kuniuliza nimeshindaje. Alifanya hivyo kila siku. Lakini alianza kuchelewa kurudi, akawa anakaa ndani ya gari pale chini, nilikuwa namwona dirishani. Nikawa namchukia kwa kukaa mle, na akipanda namchukia kwa kupanda.

Mama hatukumwambia. Hilo tulikubaliana mimi na kaka yangu Ambwene aliyeko Tukuyu: moyo wake mbovu, anaweza kuanguka. Nikipiga simu najikaza, naongea juu juu, nasingizia mafua. Simu ya mwisho aliniambia, "Mwaka huu uyaamshe mapema, mwaka jana ulichelewa." Nikasema sawa, mama.

Alianguka hivyo hivyo, bila kuambiwa kitu. Ilikuwa Desemba, kati ya dripu ya tatu na ya nne. Daktari wangu alisema nikipanda ndege na damu yangu ilivyoshuka nitamfuata. Nilizikia kwenye simu. Ambwene aliiweka sauti ya juu, mtu akaishika karibu na kaburi, na mimi nikawa nimekaa jikoni nasikiliza mvua inavyopiga miamvuli ya watu na mchungaji anavyokohoa. Walipofika kwenye kurushia udongo, mtandao ukakata. Nikawa napiga, napiga, hewani hapatikani. Gwamaka akaninyang'anya simu mkononi.

Naelewa unachotaka kusikia hapa: kwamba nilipata faraja mahali fulani. Sikupata. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Kabatini, kwenye korido, chini ya masufuria makubwa, kulikuwa na boksi la magimbi yake. Kama nikifa, sawa. Ila kabla sijafa yaamke.

Februari ikaja, nikiwa kwenye dripu ya tano. Nesi, mwanamke mpole wa makamo, alikuwa ananifunga plasta huku ananiuliza maswali yao ya kawaida. Nyumbani kuna mnyama? Hakuna. Kuna mimea? Nikatabasamu, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, nikamwambia bado, naanza wiki hii. Akaacha kufunga plasta. Akasema udongo una ukungu ndani yake, mtu mwenye afya hadhuriki, lakini mimi kwa hali ile ungeweza kuniua kabla ya kansa. Hakuna kushika udongo. Hakuna udongo ndani ya nyumba, hata kopo moja, hata akimwagilia mtu mwingine.

Gwamaka alikuwa amesimama pale. Tulipofika nyumbani hakuvua hata koti, akachukua ule mfuko wa udongo niliokuwa nimeununua tangu vuli.

"Unaupeleka wapi?"

"Nje."

"Gwamaka, hii ni Februari."

"Najua ni Februari."

"Basi kama unajua, uache."

"Ninachojua mimi, Tupe, ni kwamba sitazika mtu kwa sababu ya magimbi!"

"Afadhali wewe utazika. Mimi hata kuzika sikuzika."

Akasimama na mfuko wake mlangoni, mkubwa mzima, hana pa kuangalia. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba atatafuta mtu wa kutuamshia, mtu mwenye dirisha zuri, boksi litoke salama na lirudi Juni. Nikamwambia aape. Akaapa.

Hakumpata. Alikuwa anafanya zamu zake na za mwenzake, na kila niliyemtaja alikuwa na paka, au dirisha la kaskazini, au hajui gimbi ni nini. Siku moja nilijikokota hadi kabatini nikafungua gazeti kidogo. Yalikuwa yameanza kuamka yenyewe, humo gizani, bila udongo wala maji, vichipukizi vyeupe vimejikunja kutafuta pa kutokea. Nikayafunika. Nililia pale sakafuni, na si kilio cha uchungu tu, nilikuwa na hasira pia, na sijui ilikuwa ya nani.

Wakati huohuo mizani ilikuwa inanisaliti. Kila tukienda hospitali nimepungua. Yule daktari, kijana mwenye miwani ambaye hakupenda kunitazama usoni, safari hii alinitazama, akasema: uzito ukishuka tena, anasimamisha dawa, na akisimamisha dawa kabla hazijaisha hawezi kuniahidi chochote. "Kula," akasema. Kula! Kana kwamba nilikuwa nimegoma.

Hapa ndipo nikuambie habari za Mama Kui.

Mama Kui ni Mkenya, mtu wa Nyeri, tunasali kanisa moja. Anafanya kazi kwa daktari wa meno, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na akiingia nyumbani kwako hakuna mlango unaobaki umefungwa. Akina mama wa kanisani walijigawia siku za kunipikia, yeye akachukua Alhamisi. Aliniletea mukimo, viazi vya kwao vya kupondwa na mahindi, nikatapika. Aliniletea uji, nikatapika. Alileta supu ya mbuzi, hiyo niliitapika kwa harufu tu, akiwa bado yuko kwenye korido. Hakukasirika. Alikuwa anafuta, anaimba, anasema, "Pole mama, aki pole, wiki ijayo tutajaribu ingine."

Alhamisi moja nililala kwenye kochi tangu mchana. Mama Kui yuko jikoni, nasikia masufuria yanagongana, nasikia mlango wa kabati ya korido, sikutia maanani. Nikasinzia. Kilichoniamsha ni sahani imewekwa karibu na kichwa changu, na kikombe cha chai ya maziwa.

"Amka, Tupe. Onja hii tu. Kidogo."

Magimbi yakichemka harufu yake ni ndogo. Hakuna viungo, hakuna mafuta, ndiyo maana tumbo langu halikushtuka. Yalikuwa yamemenywa, meupe, yana moshi, na chumvi pembeni. Nikaweka kipande kidogo ulimini nikisubiri ile ladha ya funguo. Haikuja. Lilikuwa gimbi. Laini, linateleza kidogo, halikwaruzi vidonda. Nikameza. Tumbo likanyamaza. Nikachukua kingine. Jamani, nilikula! Nilikula kama mtu aliyetoka kulima. Nikanywa chai, nikaomba jingine, Mama Kui amepiga magoti pale kwenye zulia, machozi yanamtoka, anasema, "Kula, mama. Kula. Woiye, Mungu ni mwema, kumbe ni nduma ulikuwa unataka na hatujui!"

Kwao gimbi ni nduma. Nikiwa na kipande mdomoni nikamuuliza, "Umeyapata wapi mazuri hivi?"

"Si hapa kwako! Natafuta sufuria kubwa kwa kabati, naona boksi, nafungua, nduma! Nikasema, huyu mama ameficha nduma hapa na sisi tunamsumbua na mukimo. Na zilikuwa zimeanza kumea, zingeharibika bure."

Kile kipande kilikuwa bado mdomoni. Nakumbuka niliwaza kukitema, na nikawaza ya nini, kimeshachemshwa. Nikatafuna. Nikameza.

"Zote?"

"Zote. Zingine ziko kwa sufuria, za mzee akirudi."

"Na vichwa? Pale palipoanza kuota?"

"Nilikata, na maganda, nikatupa kwa lile shimo la takataka huko nje. Kwani?"

"Basi tu," nikasema. "Nilitaka kujua."

Akaosha vyombo akiimba. Akanifunika miguu. Akaondoka akiahidi kuleta nduma nyingine Alhamisi ijayo, ati anajua duka la Wajamaika wanaziuza. Na chakula kile, mpenzi msomaji, kilikaa. Hicho ndicho sitakisahau. Nilingoja kitoke, nilitamani kitoke, na tumbo langu lililokuwa limekataa kila kitu tangu Krismasi likakishika.

Gwamaka alipoingia, nguo keshavua, maji ya kuoga yanamtiririka, nilinyoosha kidole jikoni. Akaona sufuria, akaenda kabatini, akaona magazeti matupu. "Vichwa viko wapi?" akauliza, maana naye ni mtu wa Tukuyu, haulizi maswali ya kijinga. Nikamwambia shimoni. Akavaa tena nguo zile zile za mikate na akashuka chini, kwenye chumba ambacho takataka za ghorofa zote zinaangukia.

Alikaa huko mpaka nikaanza kuogopa. Aliporudi mikono yake ilikuwa imechafuka mpaka kwenye viwiko, ananuka vibaya kuliko mikate yote ya dunia, na nashangaa kwamba siku hiyo sikukimbilia choo. Mashine ilikuwa imeshakandamiza, akasema. Lori lilipita. Alimwomba msimamizi wa jengo, akafungua pipa baada ya pipa, hakuna. Alisema hayo akiwa amenipa mgongo, ananawa kwenye sinki, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hakulia msiba wa mama. Hakulia siku ya majibu ya daktari. Alilia pale.

"Yamebaki mengine kwenye sufuria," nikamwambia.

"Siwezi, Tupe."

"Yataharibika. Kaa ule."

Akakaa. Tukayala yaliyobaki, mimi na yeye, kwa chumvi, mpaka sufuria ikaisha.

Wiki iliyofuata mizani ilikuwa haijashuka. Hata ilikuwa imepanda kidogo. Daktari alitabasamu, akauliza nilikula nini, nikamwambia viazi. Dawa zikaendelea. Kwa hiyo ukitaka kunihesabia hesabu ya haki, magimbi ya mama yalinivusha. Nimejaribu kuiona hivyo, watu wamenisaidia kuiona hivyo. Mimi nakuambia jinsi nilivyoiona siku hiyo: mama alikuwa amekufa, nikamlia hata akiba yake.

Jumapili moja Mama Kui alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Huyu dada yetu alikuwa anakufa na njaa, na Mungu alikuwa ameficha nduma kwa kabati yake mwenyewe!" Kanisa likapiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimevaa barakoa na kofia yangu ya buluu. Gwamaka akanishika goti. Nikasema Amina. Ungetaka niseme nini?

Nilimaliza dripu ya mwisho miti ilipoanza kutoa majani. Pale hospitali kuna kengele ukutani, ukimaliza unaipiga na manesi wanapiga makofi. Sikuipiga. Niliitazama nikaipita. Juni nilishuka bustanini, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikaangalia kipande chetu kilivyojaa magugu na vya majirani vilivyojaa nyanya na mchicha. Kila aliyepita alisema umepona, hongera, na mimi nasema asante. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba baada ya dawa ndipo unapoanguka hasa, maana wakati wa dawa kuna mtu anakungoja kila baada ya wiki tatu, na zikiisha hakuna anayekungoja popote. Basi nakuambia wewe. Utaanguka. Jiandae.

Nilimpigia Ambwene. Nikamwomba anitafutie magimbi yale ya mama, machache, akipatikana wa kuja huku ayafiche kwenye soksi. Akasema, "Dada, pale nilishang'oa. Baada ya arobaini. Nimepanda parachichi, za kuuza nje." Kwa majirani je? Akasema ataulizia, majirani nao ni parachichi tu. Sikumgombeza. Alikuwa hajui. Mama Kui alikuwa hajui, mama hakujua ninaumwa, kila mtu hakujua.

Februari iliyofuata nilikuwa hai. Nesi aliniruhusu udongo kwa glavu. Mimi nilikuwa sijapanga kitu, Gwamaka ndiye alirudi na mfuko akauweka jikoni, akaenda kuoga.

Mama Kui alikuwa hajaacha Alhamisi zake, ingawa sasa nilikuwa najipikia. Akaja na mfuko wa nduma za lile duka la Wajamaika, kama kawaida. Nikazimwaga mezani. Makubwa nikayaweka upande wa kuchemsha. Madogo matatu, yenye jicho zuri la kuota, nikayatenga. Nikachukua makopo ya mtindi, nikavaa glavu, nikaanza kutia udongo. Mama Kui alikuwa anamenya na anaongea.

"Unafanya nini na hizo?"

"Naziamsha."

"Ati? Nduma inapandwa huku? Ndani ya nyumba?"

"Inaanzwa ndani. Juni unaipeleka bustanini. Oktoba unang'oa, unaweka ndogo kwenye boksi, unafunga na gazeti ..."

Nilisikia maneno yakinitoka na nikashindwa kuyarudisha. Mama Kui aligeuka akatazama korido. Akatazama kabati. Kisu kikabaki mkononi mwake na ganda linaning'inia.

"Tupe," akasema, na hiyo haikuwa sauti yake ninayoijua. "Zile zilikuwa mbegu?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilichoka.

"Zilikuwa mbegu. Za mama."

"Za mama yule ..."

"Huyo huyo."

Akakaa chini sakafuni, na mwili wake ule mkubwa. "Na ulizikula. Ulikuwa unazikula na ukaniuliza nimezitoa wapi." Akaziba mdomo. "Mwaka mzima nakuletea nduma! Nimesimama kanisani! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungerudi Alhamisi kunipikia?"

Anajua kwamba asingerudi, angeona aibu, na mimi nilikuwa nahitaji kula. Huo ndio ukweli wote. Nilimchukia Mama Kui mwaka mzima na kila Alhamisi nilikuwa nasikiliza lifti ikifunguka. Nikamwambia hivyo hivyo. Alilia kwa sauti, kama anavyofanya kila kitu, mpaka Gwamaka akatoka bafuni na taulo kuuliza nani amekufa.

Baadaye alinyanyuka, akanawa uso, akakunja mikono ya blauzi. Akasema hajui kupanda kwa kopo, nimwonyeshe. Nikamwonyesha jicho linapoangalia. Yeye hakuvaa glavu.

Yalichukua muda mrefu kuliko ya mama, mpaka nikaona nimepanda mawe. Kisha asubuhi moja nikafungua pazia. Nje theluji bado, bonde lote jeupe, na kwenye kopo la katikati kuna ncha imetoka. Lakini ilikuwa na rangi ya zambarau. Ya mama yalitoka meupe.

Nilisimama pale na simu mkononi. Sijui nani aliniwekea simu mkononi, mazoea tu. Hakuna wa kunibipu. Gwamaka alikuwa anavaa viatu mlangoni, akaniona, akasimama na kiatu kimoja.

"Yameamka?" akauliza.

"Yameamka," nikamwambia. "Lakini si yale."